Mama Fundi Anajibu: Kwenye kompyuta inaimba, mezani inakwaruza

Barua za mwezi huu zimekutana mahali pamoja bila waandishi wake kujuana: watu wanaunda redio ndani ya kompyuta kabla ya kushika pasi ya kulehemu. Nimefurahi sana. Nilipokuwa najifunza kazi kwenye kibanda cha baba yangu, Ngamiani, Tanga, kujaribu wazo jipya mara nyingi kuliishia kuunguza transista, na transista nyingine ilisubiriwa mpaka mtu atoke Dar es Salaam. Leo kijana anaweza kuunguza transista mia kwa usiku mmoja na asubuhi hajapoteza hata moja. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu kosa lililomo ni la watu wengi na dawa yake ipo.

*Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ufundi, Morogoro. Nimebuni redio ya AM ya masafa ya kati kwa transista, yenye aiefu (masafa ya ndani ambayo kila stesheni hugeuzwa kabla ya kukuzwa) ya kilohezi 455. Nilitumia LTspice, programu ya kuiga saketi, nikaiga kila hatua peke yake: kikuza aiefu, ditekta inayotoa sauti kwenye wimbi, kisha kikuza sauti. Kwenye ditekta niliingiza wimbi la volti 1 lenye modulesheni (kiasi ambacho sauti hulipandisha na kulishusha wimbi) ya asilimia 30 kwa sauti ya hezi 400. Dayodi ni 1N4148, rezista ni kiloomu 47, kapasita ni nanofaradi 10. Mchoro uliotoka ulikuwa safi kabisa. Nimeiunda redio yenyewe, stesheni inazikamata, lakini mtangazaji anasikika kama ana ugali mdomoni na taarabu inakwaruza. Nimeshabadilisha spika mara mbili. Je, programu inadanganya?*
Msomaji, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Rudisha spika ya kwanza, haina kosa. Programu nayo haikukudanganya. Swali uliloipa lilikuwa jepesi kuliko lile ambalo stesheni inaiuliza redio yako kila sekunde.

Tuanze na ditekta, kwa kuwa hapo ndipo pana ugali wako. Dayodi inajaza kapasita kila kilele cha wimbi kinapopita. Kati ya kilele na kilele, rezista inaimwaga ile chaji kidogo kidogo. Chukua mtungi wenye tundu chini, na mtu anayeujaza kwa kata. Tundu likiwa kubwa mno, maji yanapandashuka kwa kila kata. Likiwa dogo mno, basi hata ukitaka maji yashuke upesi hayashuki. Yanateremka kwa mwendo wake, na wewe uliyetaka kuona sauti ikishuka unaona mteremko ulionyooka kama paa la bati. Mteremko huo ndio mpotoko: umbo la sauti limebadilika, na sikio linasikia kitu ambacho studioni hakikusemwa.

Kiloomu 47 mara nanofaradi 10 ni mikrosekunde 470. Huo ndio muda wa mtungi wako. Kanuni tunayoitumia inasema muda huo usizidi mzizi wa pili wa moja kutoa m mraba, ukigawanywa kwa 2π mara f mara m, ambapo m ni kina cha modulesheni na f ni masafa ya sauti. Weka namba zako za majaribio: m ni 0.3, f ni 400. Unapata kama mikrosekunde 1,265. Zako 470 ziko ndani kwa raha, ndiyo maana mchoro ulikuwa safi. Sasa weka mtu anayesema kweli: m ni 0.8, f ni 3,000. Jibu ni mikrosekunde 40. Mtungi wako ni mzito karibu mara kumi na mbili ya unaotakiwa.

Najua ulikozitoa zile namba, asilimia 30 na hezi 400. Ndizo zilizozoeleka kwenye jenereta za ishara za mezani, na ni nzuri kwa kupima usikivu wa redio kwa namna ambayo fundi wa Mombasa na wa Mwanza wataelewana. Kuhusu mpotoko hazikuambii kitu. Mtangazaji wa habari haongei kwa asilimia 30, na herufi "s" haikai kwenye hezi 400.

Weka kiloomu 10 na nanofaradi 2.2. Muda ni mikrosekunde 22, unatosha hata kwa sauti ya hezi 4,500 yenye kina cha 0.8. Usiogope kwamba wimbi la aiefu litapita hadi kwenye sauti: mzunguko mmoja wa kilohezi 455 unachukua mikrosekunde 2.2 tu, mtungi bado ni mzito mara kumi ya kata.

Halafu kuna dayodi. 1N4148 ni ya silikoni, inataka takribani nusu volti au zaidi kidogo ndipo ifunguke. Wimbi la volti 1 lenye kina cha asilimia 30 halishuki chini ya volti 0.7, kwa hiyo dayodi yako haikuwahi kukutana na shida yake. Kwa asilimia 80 wimbi linashuka hadi volti 0.2. Hapo dayodi imefunga mlango, na sehemu ya chini ya sauti inakatwa kama kwa kisu. Tafuta dayodi ya jerimaniamu, 1N60 au OA91, zinazofunguka kwenye volti 0.2 hadi 0.3. Bado zinauzwa, na redio mbovu za zamani zimejaa dayodi za aina hiyo. Au ongeza ukuzaji wa aiefu ili ditekta ipate volti nyingi zaidi.

Ukisharekebisha hayo, wimbi la majaribio lifanye hivi, kwa chanzo cha aina ya B (kinachofuata fomula unayoiandika) ndani ya LTspice:

V=(1+0.8*sin(2*pi*3000*time))*sin(2*pi*455k*time)

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo naomba ulishike kuliko namba zote. Uliiga kila hatua peke yake. Redio haiishi hivyo. Ditekta yako ilipokuwa peke yake, mzigo wake ulikuwa ile rezista ya kiloomu 47 basi. Ulipoiunganisha na kikuza sauti kupitia kapasita, wimbi la sauti liliona mzigo wa pili. Nadhani mlango wa kikuza sauti chako una kama kiloomu 10, ndivyo ilivyo kwa hatua ya kawaida ya transista moja. Kiloomu 47 sambamba na 10 zinakuwa 8.25. Kina cha juu cha modulesheni ambacho ditekta inaweza kukipitisha bila kukata ni mzigo wa sauti ukigawanywa kwa mzigo wa mkondo mnyoofu: 8.25 kwa 47, yaani 0.175. Asilimia kumi na saba na nusu! Hata lile jaribio lako la asilimia 30 lingekwaruza, kama ungeziunganisha hatua mbili hizi kwenye skrini kabla ya kuziunganisha mezani.

Na angalia: ukibadilisha rezista kuwa kiloomu 10 bila kugusa kitu kingine, unapata 5 kwa 10, asilimia 50. Ni nafuu lakini haitoshi. Weka transista ya kufuata emita, ambayo haikuzi volti bali inapunguza mzigo, kati ya ditekta na kikuza sauti, yenye mlango wa kiloomu 100 hivi. Utafika asilimia 91.

Kwenye kikuza sauti, jua kwamba transista ni kifaa kilichopinda kwa asili. Mkondo wake unakua kwa kipeo, na kipimo cha kupinda huko ni milivolti 26 katika joto la kawaida la chumba. Ukiingiza kwenye beizi, mguu wa kuingizia, wimbi lenye kilele cha milivolti 10, haramoniki ya pili, yaani wimbi la masafa mara mbili ya uliyoingiza, inafika karibu asilimia 10. Milivolti 1, karibu asilimia 1. Ni hesabu rahisi ya kukumbuka ukiwa na pasi mkononi. Rezista ndogo ya emita isiyozibwa na kapasita inanyoosha mambo, nawe unalipa kwa ukuzaji kidogo. Kwenye hatua za aiefu haramoniki ya pili si shida, koili inaichuja. Huko ogopa mpotoko wa daraja la tatu, nitaueleza kwa msomaji wa Maskati hapa chini.

Kabla sijakuacha: betri. Kwenye programu umeweka volti 6, nazo ni volti 6 milele, hazichoki. Nikiwa na miaka kumi na saba nilimrudishia mteja redio ambayo mezani kwetu, kwa umeme wa kibandani, ilikuwa inaimba. Kesho yake akaja nayo, amenyamaza, akaiwasha mbele ya baba yangu kwa betri zake mwenyewe. Ikakwaruza, hasa sauti ikiwa chini. Baba hakunigombeza, alinipa mita. Betri zilikuwa zimeshuka, mkondo mdogo unaoziweka macho transista mbili za mwisho ulikuwa umekufa, na kila wimbi lilipovuka katikati liliacha pengo. Kwa hiyo kwenye LTspice weka volti 6, kisha 5, kisha 4, na weka rezista ya oomu 2 mfululizo na betri. Mzunguko unaobaki safi kwenye volti 4 unamfaa mwanakijiji ambaye hanunui betri mpya mpaka zile za zamani zimeanikwa juani mara tatu.

Ukipima mpotoko kwa amri ya .four au kwa kuchora spektra (mchoro wa masafa yaliyomo kwenye wimbi), weka hatua ya muda isiyozidi nanosekunde 100, na andika .options plotwinsize=0. Usipoandika, LTspice inabana data ili faili liwe dogo, na kule kubana kunaleta uchafu wake ambao utadhani ni wa redio yako.

Halafu sikiliza. Amri ya .wave inageuza volti za nodi yoyote (mahali nyaya zinapokutana) kuwa faili la sauti, na chanzo cha volti kinaweza kusoma faili la sauti kama wimbi la kuingiza. Jirekodi kwa simu ukisoma habari, sekunde tano. Hesabu mapema: sekunde tano kwa hatua za nanosekunde 100 ni hatua milioni 50, kwa hiyo iwashe usiku ukalale. Hakikisha pia volti za kutoka haziendi nje ya 1 juu na 1 chini, la sivyo faili lenyewe litakata vilele na utailaumu dayodi bure.

Kwa nini nasisitiza masikio? Nyumbani kwetu redio ilikuwa ya matangazo ya vifo. Jioni moja mtangazaji alitaja Hamisi, ditekta yetu ikaila ile "s", na sisi tukasikia Hamidi, ambalo ni jina la mjomba. Bibi alianza kulia, majirani wakaja na mikeka. Ilichukua hadi asubuhi ndipo mtu akafika kutoka upande wa mjomba na kutuambia yu mzima. Tangu siku hiyo asilimia ya haramoniki kwangu ni namba ya pili. Namba ya kwanza ni kama "s" inasikika.

*Assalaam aleykum Bi Fundi. Mimi ni mzee wa Pangani. Nina redio ya zamani ya masafa mafupi. Kwa miaka nimeizoea Zanzibar kwenye kilohezi 11,735, lakini nilikuwa nikiisikia pia, kwa sauti ndogo, karibu na 10,825. Mjukuu wangu anasoma kompyuta, anasema anaweza kuiiga redio yangu na kuona sababu. Mimi nataka kujua kama redio ni mbovu, na yeye anataka kujua aanzie wapi.*
Msomaji, Pangani

Waaleykum salaam, kaka yangu. Redio si mbovu. Hiyo ni tabia ya ukoo wake wote.

Redio yako ni ya mtindo ambao Edwin Armstrong aliubuni mwaka 1918 akiwa Paris, jeshini, wakati wa vita. Ndani yake kuna osileta, hatua inayozalisha wimbi lake yenyewe, nayo inatembea pamoja na mshale, kilohezi 455 juu ya pale unaposoma. Wimbi la stesheni linachanganywa na la osileta, na tofauti yao ndiyo inayokuzwa. Ukiweka mshale kwenye 10,825, osileta iko 11,280. Toa 11,280 kutoka 11,735: unapata 455. Redio inajua tofauti tu, haijui stesheni iko juu ya osileta au chini yake. Ndiyo maana Zanzibar inakuja mara mbili, na umbali kati ya mara hizo ni kilohezi 910, yaani 455 mara mbili. Mimi huiita stesheni ya pili pacha.

Kinachotakiwa kumzuia pacha ni koili ya mlangoni, kabla ya kichanganyio. Na hapa mjukuu ataona jambo zuri kwenye skrini. Achukue koili moja yenye ubora (uwezo wa kuchagua masafa) wa 50, aweke masafa ya kati, kilohezi 1,000: pacha aliye kwenye 1,910 anapunguzwa karibu mara 70. Achukue koili yenye ubora uleule, aiweke kwenye 10,825: pacha aliye kwenye 11,735 anapunguzwa mara 8 tu. Kilohezi 910 ni safari ndefu ukiwa chini, na ni hatua moja ukiwa juu. Kwa stesheni yenye nguvu, kugawanywa kwa nane si kitu.

Aanze bila transista hata moja. Kwenye Python au Octave, lugha za kuandikia programu, atengeneze mawimbi mawili, moja la 10,825 na moja la 11,735, kila moja libebe sauti yake. Ayapitishe kwenye chujio la koili moja, ayazidishe kwa wimbi la osileta la 11,280, kisha achuje 455. Atasikia stesheni mbili zimepandiana. Aongeze koili ya pili mlangoni, mara 8 inakuwa kama 65, na pacha anazama. Ndipo ahamie kwenye LTspice na kuweka transista halisi ya kichanganyio, maana osileta ya kweli ina haramoniki zake, na kila haramoniki nayo inavuta mapacha wake kutoka mbali.

Watengenezaji wa redio ghali walitatua jambo hili kwa kupandisha aiefu ya kwanza juu sana, baadhi zaidi ya megahezi 50, ili pacha aende mbali kabisa na mlango. Lakini wewe usiiguse redio yako, kaka. Ukitaka kupunguza pacha, fupisha antena.

*Dada yangu Fundi, naandika kutoka Maskati, asili yetu Unguja. Nina ile RTL-SDR, kipokezi kidogo cha redio cha USB, na ninajifunza GNU Radio, programu ya kuunda redio ndani ya kompyuta. Nikiunganisha antena ndefu naona stesheni mahali ambapo najua hakuna stesheni. Nikaamua kuiga mlango uliolemewa kwa Python: y = x + kiasi kidogo cha x mchemraba, kasi ya sampuli (vipimo vya wimbi) milioni 2.4 kwa sekunde, mawimbi mawili ya kilohezi 900 na 1,000. Nilitegemea mistari kwenye 800 na 1,100, nikaipata. Lakini nina mingine kwenye 300, 400, 500 na 600. Hiyo ni ya redio au ni yangu?*
Msomaji, Maskati

Ndugu yangu, 800 na 1,100 ni ya redio. Ile minne ni ya kompyuta.

Mchemraba ndio mpotoko wa daraja la tatu, nao unazaa vitu hadi mara tatu ya masafa uliyoingiza. Mara tatu ya 900 ni 2,700. Sampuli zako haziwezi kubeba kitu kilicho juu ya 1,200, nusu ya 2,400, kwa hiyo 2,700 inakunjwa na kurudi kama 300. Vivyo hivyo 2,800 inarudi kama 400, 2,900 kama 500, na 3,000 kama 600. Kwenye saketi ya kweli zingebaki huko juu, na chujio lingezimeza bila wewe kujua.

Jaribio la kuzitambua: badilisha kasi ya sampuli kuwa milioni 2.5 na usiguse kingine. Mistari ya 800 na 1,100 haitahama. Wa 300 utarukia 200. Kinachohama kwa sababu ya sampuli hakimo kwenye redio. Dawa ni kupandisha kasi mara nne, hadi milioni 9.6, kabla ya kuweka mchemraba, kisha kuchuja, kisha kurudi 2.4. Fanya hivyo kwa kila kitu kilichopinda utakachokiiga: dayodi, kikuza kilichojaa, kikata vilele, vyote. Nimeona kazi za wanafunzi wa shahada zenye makosa haya zikipewa alama nzuri, na mtu akaenda kutafuta mwezi mzima kwenye mzunguko kitu ambacho hakikuwahi kuwemo.

Sasa stesheni zako za uongo kwenye antena ndefu. Hizo zinaweza kuwa za kweli kwa maana ya kwamba mlango wa kifaa chako umelemewa, na kuna njia ya kuzishika. Mpotoko wa daraja la tatu unashuka haraka kuliko mzazi wake. Weka kipunguza ishara kinachogawanya volti kwa mbili. Stesheni halali itashuka mara mbili. Ya uongo itashuka mara nane, kwa sababu mbili mchemraba ni nane. Kwa desibeli ni 6 dhidi ya 18. Fanya jaribio hilohilo kwanza ndani ya Python yako ukiwa umesharekebisha sampuli, uone namba zinatoka hivyohivyo, kisha lifanye kwenye kifaa. Modeli na kifaa vikikubaliana hapo, unaweza kuanza kuiamini modeli yako kwa maswali makubwa zaidi.

Usisahau kuingiza ngazi. Kifaa chako kilitengenezwa kwa televisheni ya dijitali. Kuanzia 2012 ndipo wapenda redio walipogundua kinaweza kusikiliza kila kitu. Kina biti 8, yaani ngazi 256. Kwenye Python namba zako zina usahihi usio na mwisho kwa kadiri ya redio. Zizungushe kwenye ngazi 256 na ukate kinachozidi, ndipo utaona kwa nini stesheni dhaifu inapotea jirani yake akiwa na nguvu. Desibeli 50 ndiyo nafasi yote uliyonayo, kwa hesabu ya kitabu, kabla ya kuchuja.

*Shikamoo Mama. Niko kidato cha nne, Kigoma. Kompyuta ya shule ina RAM ya gigabaiti 2 na intaneti hatuna. Mwalimu anasema mambo ya kuiga redio ni ya vyuo vikuu. Naweza kuanza na nini?*
Msomaji, Kigoma

Marahaba, binti yangu. Mwalimu wako mheshimu, lakini jambo hili lijaribu. Programu mama ya hizi zote, SPICE, ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, na kompyuta za wakati ule hazikuwa na kumbukumbu hata inayokaribia hiyo ya shule yenu. Mtu mmoja aipakue ngspice, mtoto wa SPICE hiyo, mjini, ni bure, akuletee kwenye flashi. Haihitaji intaneti kufanya kazi. Andika mistari hii kwenye faili la maandishi na ulihifadhi kwa jina ditekta.cir:

Ditekta ya Kigoma
B1 a 0 V=5*(1+0.8*sin(6.2832*3000*time))*sin(6.2832*455000*time)
D1 a b dayodi
.model dayodi D
R1 b 0 10k
C1 b 0 2.2n
.tran 0.1u 2m
.end

Mstari wa kwanza ni jina tu, lakini usiuache: ukiuacha, programu itauchukua mstari wa B1 kuwa jina. Fungua faili ndani ya ngspice, andika run, kisha plot v(b). Utaona sauti ya hezi 3,000 imekaa vizuri, yenye meno madogo juu yake, ambayo ni mabaki ya aiefu. Uchore mchoro huo kwenye daftari lako. Kisha badilisha 10k iwe 47k na 2.2n iwe 10n, yaani namba za kaka yako wa Morogoro, uendeshe tena. Chora mchoro wa pili chini ya ule wa kwanza, umwonyeshe mwalimu, halafu niandikie kile mteremko unachofanana nacho kwa macho yako.